Mzabibu Mzee Usiukate Kabla Hujajua Mvinyo Wake

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakulima wa zabibu wa Dodoma wanaojiandaa kutengeneza mvinyo wao wenyewe. Tumeiweka hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana wa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Bihawana na nyote mliotoka mbali zaidi: mbukwenyi!

Nimeitwa kuzungumzia mvinyo mwekundu, lakini niruhusuni nianze na shoka. Mavuno yakiisha, mwenye shamba anapita kwenye mistari yake, anauangalia mzabibu wenye miaka thelathini, anaona haulipi, anaung'oa. Amepiga hesabu. Mzabibu kijana unampa kilo nyingi, mzee unampa kilo chache, na mnunuzi analipa kwa kilo. Nani atamlaumu? Kama unauza zabibu, mizani iko sahihi.

Lakini mizani inapima nini? Inapima uzito basi. Haijui sukari, haijui rangi, haijui unene wa ganda. Na mvinyo mwekundu unatengenezwa na ganda, ndugu zangu. Rangi iko kwenye ganda. Ukakasi uko kwenye ganda na kwenye mbegu. Harufu, sehemu kubwa, iko kwenye ganda. Chukua zabibu nyekundu za aina nyingi, zikamue haraka, uone: juisi inatoka nyeupe au ya waridi hafifu. Punje ndogo ina ganda jingi kwa kila lita ya juisi kuliko punje kubwa, na mara nyingi ni mzabibu mzee unaotoa punje ndogo.

Nimesema mara nyingi. Sikusema siku zote. Mzabibu mzee unaougua ni mgonjwa tu, na umri hautauponya. Faida ya uzee ina sababu zake na tuzitaje. Mizizi imeshuka chini sana, kwa hiyo mvua ikichelewa mti haushtuki, na mvua ikija ghafla punje hazivimbi maji kwa siku mbili zikapasuka. Shina nene na mizizi mikubwa vimehifadhi wanga wa miaka, kwa hiyo chipukizi zinaanza kwa nguvu sawa. Na vichala ni vichache, kwa hiyo vinaiva pamoja. Mti wenye vichala kumi unaviivisha vyote; wenye arobaini unaivisha nusu, nusu nyingine inakudanganya kwa rangi.

Mnajua mzabibu unaotajwa kuwa mzee kuliko yote duniani unaozaa bado uko wapi? Maribor, Slovenia, umepandwa mbele ya nyumba, una zaidi ya miaka 400, na zabibu zake ni nyekundu. Mvinyo wake unawekwa kwenye vichupa vidogo na mji unawapa wageni wa heshima. Sisemi ya kwenu ifike huko. Nasema miaka thelathini si uzee wa kufa.

Sasa niwapeleke jirani zaidi, Afrika Kusini. Huko mashamba ya zamani yalikuwa yanang'olewa kwa hesabu ileile ya kwetu: mnunuzi analipa kwa tani, shamba kuukuu linatoa tani chache, basi lete trekta. Mwaka 2002 mtaalamu wa mizabibu aitwaye Rosa Kruger akaanza kuyatafuta mashamba hayo na kuyaandika, moja baada ya jingine: aina gani, limepandwa lini, ni la nani. Mengi zabibu zake zilikuwa zinamwagwa kwenye tangi moja na za mashamba machanga, hakuna aliyejua ladha yake. Watengenezaji wadogo wakaanza kuzinunua pembeni na kuzichachua peke yake. Mwaka 2016 ikaundwa taasisi ya kuyalinda, Old Vine Project, na leo chupa inayotokana na shamba lenye miaka 35 au zaidi inaweza kubandikwa alama maalumu yenye mwaka shamba lilipopandwa. Mwaka wa kupanda umekuwa bidhaa! Na Chile ni hivyo hivyo. Baada ya tetemeko la Chillán la mwaka 1939, wakulima wa kusini walipanda zabibu nyekundu ya Carignan ili kuutia nguvu mvinyo wao mwepesi. Zikasahaulika miaka mingi, hazimwagiliwi, hazina hata waya. Leo watengenezaji wa bonde la Maule wameungana kuuza mvinyo wa mizabibu hiyo, na sharti lao la kwanza ni kwamba mti uwe na miaka 30 au zaidi na uishi kwa mvua pekee.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: andikeni. Daftari la shule linatosha. Mstari huu ulipandwa mwaka gani, pingili zilitoka wapi, umezaa kilo ngapi msimu wa kiangazi, kilo ngapi msimu wa mvua. Bila daftari huna mizabibu mizee, una miti mizee tu.

Na hesabu ya chupa? Tuifanye hapa hapa. Zabibu kilo 500. Ukitoa vikonyo, machicha na mashapo, utabaki na mvinyo safi kama lita 300. Gawanya kwa robo tatu ya lita: chupa 400. Yaani kila chupa imekula kilo moja na robo ya zabibu. Sasa chukua bei ya kilo uliyopewa msimu uliopita, ongeza chupa, kizibo, lebo, stempu na kazi, halafu linganisha na bei ya chupa dukani. Kila mtu afanye yake nyumbani, bei zenu mnazijua kuliko mimi. Ila msisahau kwamba fedha ya zabibu inaingia wiki ile, ya mvinyo inaingia baada ya mwaka. Asiye na chakula cha mwaka huo asitie mavuno yote kwenye pipa. Aanze na kilo 100.

Tuje kwenye kuutunza mti. Vitu vitatu vinaua mizabibu mizee hapa: jeraha la mkasi, njaa, na kuvunwa mara mbili kwa nguvu ileile.

Jeraha kwanza. Kuvu wanaokausha shina wanaingilia pale ulipokata, na mbegu zao zinasambazwa na mvua. Pogoa siku kavu. Usikate tawi nene kwa kulilamba hadi kwenye shina. Acha kisiki cha sentimita mbili kikauke chenyewe. Jeraha kubwa kuliko shilingi mia lipake siku hiyo hiyo uji mzito wa mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa. Mkono uliokufa ukate kurudi nyuma hadi uone mti mweupe usio na doa la kahawia, kisha uchome moto ulichokata, usikiache kando ya shamba. Na mkasi upanguse kwa spiriti unapotoka mti mgonjwa kwenda mzima.

Njaa: debe mbili za samadi iliyooza vizuri kwa kila mti kwa mwaka, nusu mita kutoka kwenye shina, ifukiwe kidogo. Iliyooza vizuri, narudia. Samadi mbichi inaleta mchwa.

La tatu lina ubishi, najua. Dodoma tumebarikiwa mavuno mawili kwa mwaka, moja wakati wa mvua, Februari na Machi, jingine kiangazi, Agosti na Septemba. Nani ataacha fedha ya Februari? Lakini mti mzee hauna nguvu ya kuzaa kwa bidii mara mbili, na zabibu za mvua ndizo zenye ukungu mwingi na sukari kidogo. Ushauri wangu ni huu: mvinyo mwekundu utoke kwenye zabibu za kiangazi. Msimu wa mvua, mti mzee upunguzie vichala nusu vikiwa bado vidogo kama njegere, uuache ujenge majani na akiba. Atakayebisha ajaribu kwenye mistari miwili, daftari litaamua.

Na pengo, pale mti mmoja umekufa katikati ya wazee? Ukipanda mche mpya hapo, mizizi ya majirani inaunyang'anya maji na majani yao yanaunyima jua. Laza tawi la jirani badala yake. Chagua tawi refu la mwaka huu lililokomaa, chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 kutoka kwa mama hadi kwenye pengo, lilaze, fukia kwa udongo na mboji, ncha itokeze juu ikiwa na macho mawili. Usilikate kwa mama kabla ya misimu minne. Linanyonya huku linaotesha mizizi yake.

Ndugu zangu, sasa neno linalopendwa na wengi na kueleweka na wachache: kilimo hai. Je, kilimo hai ni kuacha shamba lijiendee? Hapana! Anayeacha shamba lijiendee anavuna ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa majani. Kilimo hai ni kazi zaidi, kwa dawa chache zaidi, zilizopimwa zaidi.

Kisa cha mrututu mnakijua? Mwaka 1882, eneo la Médoc karibu na Bordeaux, Ufaransa, mashamba yalikuwa yanapukutika majani kwa ubwiri vinyoya, ugonjwa uliotoka Marekani. Mwanasayansi wa mimea, Alexis Millardet, akipita Saint-Julien, akaona jambo la ajabu: mizabibu ya kando ya barabara ina majani mazima, ya ndani ya shamba imekauka. Kulikoni? Wenye shamba walikuwa wanairushia mizabibu ya barabarani mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili ionekane ya buluu kama imetiwa sumu, wapita njia wasiibe zabibu. Walikuwa wanamfukuza mwizi, wakamfukuza na ubwiri! Millardet akafanya majaribio, akachapisha mwaka 1885, na dawa hiyo inatumika hadi leo, hata kwenye kilimo hai.

Namna ya kuichanganya. Kwa bomba la mgongoni la lita 20, mrututu gramu 100 na chokaa iliyozimwa gramu 100. Yeyusha mrututu kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati, maana unakula chuma. Chokaa ikoroge kwenye ndoo nyingine. Mimina mrututu ndani ya chokaa huku unakoroga, chuja, ongeza maji yafike lita 20. Kisha tumbukiza msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha, ongeza, la sivyo utaunguza majani. Tumia siku hiyo hiyo. Kesho yake haishiki.

Lakini shaba haiozi ardhini. Inakaa, inajikusanya, inaua minyoo ya udongo. Ulaya wameweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka saba, sawa na wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mrututu una robo ya shaba, kwa hiyo hiyo ni kama kilo sita na nusu za mrututu kwa ekari kwa mwaka. Shamba la ekari moja likitumia mabomba 12, kila upuliziaji unakula kilo 1.2. Mara tano umefika kilo 6. Mara tano tu! Zipange kwa mvua: kabla ya mvua kubwa, si baada. Dawa hii inamzuia kuvu asiingie. Aliyekwisha kuingia haimtoi.

Ubwiri unga ni adui mwingine na dawa yake ni salfa, ileile jamii ya unga ambao ndugu zetu wa Mtwara wanapulizia mikorosho. Salfa ya kuyeyusha gramu 60 kwa lita 20, asubuhi au jioni. Jua likiwa la nyuzi 32 kwenda juu inaunguza. Na hapa sikilizeni vizuri: acheni salfa siku 40 kabla ya kuvuna. Kwa nini? Kwa sababu salfa iliyobaki kwenye ganda, ikikutana na hamira ndani ya pipa, inageuka harufu ya yai viza. Mtu atasema mvinyo wake umelogwa, kumbe alipulizia wiki mbili kabla ya kuvuna.

Baada ya hapo ni kufungua majani yanayoficha vichala upande wa jua la asubuhi ili upepo upite. Hakuna dawa inayoshinda upepo, na ni bure.

Haya. Zabibu zimeiva, tuingie kiwandani, hata kama kiwanda ni chumba kimoja nyuma ya nyumba. Hapa nitakwenda polepole, maana hapa ndipo mvinyo mwingi mzuri unapofia.

Pima sukari, usikisie kwa rangi. Okota punje mia moja kutoka miti mbalimbali, juu na chini ya vichala, kamua, tumbukiza haidromita, kile kipimo kinachoelea juu zaidi juisi ikiwa na sukari nyingi. Unatafuta kati ya 1.092 na 1.100, yaani nyuzi 22 hadi 24 za Brix, kipimo cha sukari, zitakazokupa kileo cha asilimia 12.5 hadi 13.5 hivi. Pima na pH, yaani ukali wa asidi: 3.3 hadi 3.6 ni pazuri, namba ikipanda asidi imepungua. Ikipita 3.7, ongeza asidi ya tartariki, gramu moja kwa lita, pima tena. Kisha tafuna mbegu. Mbegu ya kijani ni chungu, subiri. Ya kahawia inayovunjika kama karanga iliyokaangwa, vuna. Wapo hapa ambao kwa imani zao hawaonji kileo ingawa zabibu wanalima na watasindika. Hawakosi kitu: hadi hatua hii ni zabibu tu, na mbele ya hapa haidromita na pua vinatosha.

Vuna alfajiri, kwenye kreti za kilo 15, si kwenye viroba. Kiroba kinaponda zabibu za chini, juisi inaanza kuchacha barabarani bila wewe kuwepo. Chambua mezani: iliyooza tupa, iliyopasuka tupa, yenye harufu ya siki tupa mbali. Ondoa vikonyo kwa kusugua vichala juu ya wavu wa plastiki. Kisha ponda kwa mikono au miguu iliyooshwa, taratibu. Mbegu zikivunjika mvinyo utakuwa mchungu na hautapona.

Chombo? Pipa la plastiki la daraja la chakula, au chuma kisichoshika kutu. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mifugo hata ulioshe mara mia halifai. Chuma cha kawaida na shaba visiguse mvinyo. Lijaze theluthi mbili tu, kwa sababu maganda yatapanda.

Kwa kila kilo 100 za zabibu yeyusha gramu 4 za potasiamu metabisalfaiti kwenye maji kidogo, koroga humo. Inawanyamazisha bakteria wa siki na kuiacha hamira ifanye kazi. Subiri saa 12 hadi 24. Kisha hamira. Ukitumia ya pakiti ya mvinyo, gramu 25 kwa lita 100, iamshe kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 38 kwa dakika 20. Hamira ya mkate usitumie, inakata tamaa kileo kikipanda. Ukitaka hamira ya shambani mwako, jambo zuri kwa mvinyo wa mizabibu mizee, siku nne kabla ya mavuno vuna kilo 5 za zabibu safi kabisa, ponda, funika kwa kitambaa, koroga kila siku. Ikinukia tunda na povu linapanda, ndiyo hamira yako. Ikinukia gundi au siki, mwaga, tumia pakiti. Msibishane na pua.

Sasa joto. Hapa Dodoma ndilo tatizo kubwa. Mchuzi, yaani juisi na maganda yake, ukichacha unajitengenezea joto lake wenyewe, juu ya joto la chumba. Unataka nyuzi 25 hadi 30. Ukifika 35 hamira inachoka, inasimama, sukari inabaki, bakteria wanasherehekea. Weka kipimajoto katikati ya maganda, si pembeni, maana katikati ndiko moto uliko. Ukiona 31, tumbukiza chupa za lita moja na nusu zenye maji yaliyoganda, zilizooshwa nje, zikiyeyuka badilisha. Lifunike pipa kwa magunia mabichi. Mapipa mawili ya lita 120 ni bora kuliko moja la lita 240. Dogo linapoa haraka.

Maganda yanapanda juu na kukauka, na yakikauka siki inazaliwa pale. Yazamishe mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana, jioni, kwa mti safi wenye ubao mwishoni. Usiku fungia vinzi nje kwa kitambaa. Pima haidromita kila siku, andika. Inatakiwa kushuka pointi 10 hadi 20 kwa siku, yaani 0.010 hadi 0.020. Ikisimama kwenye 1.030 siku mbili, angalia joto kwanza. Ukisikia harufu ya yai viza, mwaga mchuzi kutoka ndoo moja hadi nyingine upate hewa, siku ya tatu au ya nne. Huu ni wakati pekee ambapo hewa ni rafiki.

Baada ya siku 7 hadi 10 haidromita itakaribia 1.000 na kushuka chini yake. Toa mvinyo unaotiririka wenyewe, uweke peke yake. Machicha yakamue taratibu kwenye kikamulio cha kikapu, na mvinyo wake uweke chombo kingine. Ni mkali, utaamua baadaye kama uuchanganye. Na tafadhali, chandarua chenye dawa ya mbu kisichujie mvinyo. Dawa ile imetengenezwa ikae kwenye nyuzi na iue. Nunua kitambaa cha pamba, kichemshe.

Kuanzia hapo, hewa ni adui. Mwaka 1863 mfalme Napoleon III wa Ufaransa alimwomba Louis Pasteur achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa unaharibika kwa wingi. Pasteur akachukua darubini, akaona kila ugonjwa wa mvinyo una vijidudu vyake, na wale wa siki hawawezi kuishi bila hewa. Hawawezi! Kwa hiyo dawa ya siki mnayo tayari: chombo kilichojaa hadi shingoni. Pipa nusu ni siki inayosubiri tarehe. Ukibaki na lita 23, usiziache kwenye chombo cha lita 50. Jaza dumu la lita 20 na chupa nne. Funga kwa kizibo chenye mpira unaotumbukia kwenye maji, hewa itoke isiingie. Chungulia kila wiki, ongezea.

Humo ndani kuna uchachu wa pili: bakteria wema wanageuza asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki iliyo laini. Inachukua wiki tatu hadi nane. Usitie metabisalfaiti wakati huu, utawaua. Viputo vikiisha kabisa, ndipo utie gramu 8 kwa lita 100, siku tatu baadaye uhamishe kwa mpira bila kurusha mvinyo hewani, uache mashapo chini. Hamisha tena baada ya miezi miwili, na tena baada ya minne. Kabla ya kujaza chupa, ongeza gramu 3 kwa lita 100. Jumlisha zote: hata kama hakuna kilichopotea, uko chini ya miligramu 100 kwa lita za salfa dioksaidi, gesi inayotolewa na metabisalfaiti, kikomo cha Ulaya kwa mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai. Wapo wanaojisifu kutotia kabisa. Kwenye pango baridi la Ulaya, labda. Chini ya bati la Dodoma, huo ni uzembe uliopewa jina zuri.

Mapipa ya mwaloni? Msipoteze fedha. Pipa la mwaloni ni ghali, linavuja mvinyo kidogo kidogo kwenye mbao, linataka kujazwa kila wiki, na likikauka limekwisha. Mvinyo wa mizabibu mizee una la kusema bila mbao. Utie kwenye chupa baada ya miezi minane hadi kumi na miwili, chumba chenye baridi kuliko vyote ulivyonavyo, chupa zilale.

Jambo la mwisho ni jina lenu. Machi 1986, Italia, kuna watu waliouongezea mvinyo wa bei rahisi methanoli ili kileo kionekane kimepanda. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Wakosaji walikuwa wachache, lakini mvinyo wa Italia nzima ulisusiwa kwenye masoko ya nje, pamoja na wa wakulima waaminifu waliokuwa hawajui lolote. Zabibu zikichacha hazitoi methanoli ya kuua mtu. Wale waliimwaga kwa mkono. Mmoja akifanya upuuzi Hombolo, atakayelipa ni wa Mpunguzi. Kwa hiyo msiongeze spiriti, msiongeze rangi, msichanganye zabibu za kununua mkaandika ni za mizabibu yenu. Kwenye lebo andikeni aina, kijiji, msimu wa mavuno, mwaka wa kupanda. Alama ya ubora ya TBS na stempu za kodi za TRA zifuateni kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaelekeza. Mkitaka kuandika kilimo hai, Afrika Mashariki ina kiwango chake tangu 2007 na alama yake ni Kilimohai. Mnaweza kukaguliwa kwa kikundi, na gharama mkagawana. Daftari lile nililoomba mwanzoni ndilo mkaguzi atakaloliomba.

Haidromita, kipima pH na pipa lenye kizibo cha maji viko kwenye meza ya kushoto. Njooni mshike, mpime; kuna juisi ya leo asubuhi hapo. Mwenyekiti, mimi nimemaliza, na maswali tuanze na mama yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja chandarua.